Ndugu Yako Hana Mwana

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa ofisi ya kata, nikamchukue mke wa marehemu kaka yangu, dirisha namba tatu.

Kwanza niseme mambo yalivyo nikiwa macho. Kaka yangu Musira alifariki mwaka jana mwezi wa tisa. Amemwacha mkewe, Perusi, na binti wa miaka sita anayeitwa Nyangeta. Mimi ni mdogo wake, Majura. Nachora mabango ya maduka hapa Bunda, na sijaoa. Wiki iliyopita Baba Mkubwa Manyama, ambaye ni mzee wa kanisa na ndiye mkubwa wa ukoo wetu, aliniita akanisomea sheria ya Musa. Inamtaka mtu amwoe mjane wa ndugu yake aliyekufa bila mwana, ili jina la marehemu lisifutike.

"Ndugu yako hana mwana," akasema Baba Mkubwa. "Ana kasichana tu. Jumamosi tunakaa kikao saa nne. Uje na jibu."

Sikukataa. Sikukubali pia. Nilisema, "Nimesikia, Baba Mkubwa," nikarudi kwenye bango la duka la dawa, nikakosea herufi mbili.

Jumamosi ni leo.

Basi, nafika ofisini. Kwenye benchi zimekaa sheria za ndoa, tano au sita hivi, zinasubiri kufafanuliwa. Nakaa nazo, maana foleni ni foleni. Aliye karibu nami ni mtu mnene anayening'iniza miguu.

"Wewe ni ipi?" namuuliza.

"Mimi ndiyo ile inayosema mwanamume akioa asiende vitani wala asipewe kazi, akae nyumbani mwaka mzima amfurahishe mkewe."

"Una kazi nyingi?"

"Niko hapa miaka elfu tatu. Waajiri hawajawahi kuniita."

Mbele yake amekaa mama mmoja aliyebanwa kati ya nyumba na punda. Nyumba ni ya matofali, na imeshika nafasi kubwa. "Mimi ni mke wa jirani," akaniambia kabla sijauliza. "Yule asiyetakiwa kutamaniwa. Kwenye orodha nimewekwa baada ya nyumba, kabla ya ng'ombe na punda. Nimeuliza ni kwa nini. Wameniambia nisubiri."

"Hata mimi nilitaka kujua," punda akasema.

Dirisha namba tatu linahudumiwa na muhuri. Ni muhuri wa mbao wa kawaida, ila una miwani.

"Marehemu?"

"Musira."

"Mwombaji?"

"Mimi sikuomba."

"Nimeandika Majura. Kuna sheria mbili zinazokuhusu. Moja inakukataza, moja inakuagiza. Zinaingia."

Ya kwanza ni mzee mwembamba aliyefunga vifungo vyote hadi kidevuni, amebeba rundo la kanga. "Mimi nakataza mtu kufunua utupu wa mke wa ndugu yake," akasema, akaanza kazi. Akalifunika dirisha. Akalifunika benchi na waliolikalia. Akaufunika muhuri.

"Mzee, hakuna aliyefunua kitu," nikamwambia.

"Huwa inaanza hivyohivyo," akanijibu, akaifunika chupa ya chai.

Ya pili iliingia na ukuta. Ni jitu la mabega mapana, na ukuta limeubeba mgongoni kama mtu anavyobeba godoro. Likautua. Umeandikwa MUSIRA kwa herufi kubwa za bluu, na maji yanautiririkia kutoka juu.

"Mimi naagiza umwoe," likasema. "Ukichelewa, jina linafutika."

Kweli, M imeshaanza kuyeyuka. Brashi iko mkononi mwangu, sijui imefikaje. Naiandika M upya. Nikimaliza M, A haipo. Naiandika A, naona S inateleza inaondoka. Nimefanya kazi hii miaka saba na sijawahi kuona ukuta unaokataa rangi. Nikaongeza kasi. Nilikuwa natoka jasho na machozi pamoja, kwa sababu Musira nilishamzika mara moja, na pale nilikuwa namzika tena, herufi kwa herufi, mbele ya muhuri.

"Lakini nyinyi wawili mnapingana!" nikapiga kelele.

Sheria mbili zikatazamana.

"Hatupingani," akasema yule mzee. "Hatuongei tu."

"Tangu lini?"

"Mimi namzungumzia ndugu aliye hai."

"Na mimi aliyekufa," likasema lile jitu. "Aliyekufa bila mwana."

"Kumbe mnaweza kukaa nyumba moja."

"Tungekaa," akasema mzee, akilifunika jitu begani, "ila hakuna aliyetukaribisha kwa pamoja."

Muhuri ukajifunua, ukafuta miwani. "Basi mambo yote yanasimama juu ya neno moja. Aitwe Mwana."

Likaingia neno. Herufi tano zimeshikana mikono, na W anachechemea kidogo. Muhuri ukachukua fomu.

"Jina?"

"Mwana."

"Jinsi? Me au Ke?"

"Sina."

"Fomu ina visanduku viwili."

"Naviona," likasema neno, kwa upole. "Lakini mimi nimezaliwa tu. Mtu akitaka niwe wa kiume, huniongezea maneno. Akitaka niwe wa kike, huniongezea pia. Nikiwa peke yangu, kila aliyezaliwa anaingia."

Jitu likajikuna. "Huko nilikotoka neno lilikuwa jingine, la Kiebrania. Wengi walilisikia kama mtoto wa kiume."

"Na wengine?"

"Wengine walisikia mtoto."

"Wewe mwenyewe ulisemaje?" nikaliuliza, kwa sababu kwa kweli nilitaka kujua.

Jitu likafikiri sana. "Nilikuwa nasema na watu waliokuwa na haraka," likajibu. "Sikumbuki walinielewa vipi."

Nikaweka brashi chini. "Musira ana binti," nikasema. "Anaitwa Nyangeta. Ana miaka sita."

"Kwa hiyo amekufa akiwa na mwana, au hana?" muhuri ukauliza, wino ukiwa tayari.

Nikafungua kinywa. Jibu lilikuwepo, lakini sikulitoa. Nilikuwa namwogopa Baba Mkubwa hata mahali ambapo hayupo.

"Basi hilo nendeni nalo kwa wazee langoni," muhuri ukasema. "Hatua inayofuata."

Nageuka kutafuta mlango, na ofisi haipo. Niko kwenye uwanja wa mpira, jua la saa sita, mistari ya chokaa imepigwa upya. Wazee wa ukoo wetu, wote saba, wamekaa langoni, maana zamani wazee walikuwa wanakaa langoni kuamua mambo. Lango lenyewe ni la milingoti ya miti, na viti vyao vya plastiki vimejaa kuanzia mlingoti hadi mlingoti. Baba Mkubwa Manyama yuko katikati, amevaa glovu.

"Hapa hakipiti kitu," akaniambia. "Sema. Unamwoa au humwoi?"

Jitu likainama sikioni kwangu. "Ukikataa, mjane anakuja mbele ya wazee, anakuvua kiatu, anakutemea mate usoni. Ndivyo utaratibu ulivyo."

"Na kama yeye ndiye hataki?"

Jitu likapapasa mfuko mmoja, likapapasa wa pili. "Hilo sina," likasema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Ndipo nikamwona shemeji Perusi anapanda kutoka upande wa chini wa uwanja, polepole, Nyangeta amemshika kidole. Amevaa gauni lake la kanisani. Wazee wananitazama mimi. Hakuna anayemtazama yeye, isipokuwa mtoto.

Nikatembea hadi katikati ya uwanja. Miguu ilikuwa mizito kama nimevaa ndoo.

"Shemeji," nikasema, "wewe unataka nini?"

Viti saba vikalia kwa pamoja.

Perusi hakuharakisha. "Majura," akasema, "nilipoolewa kwenu ulikuwa darasa la sita. Nilikufulia sare. Nilikutoa miiba miguuni ukilia. Leo niambiwe wewe ni mume wangu? Hapana. Sikudharau, lakini hapana. Nataka kubaki kwenye nyumba niliyojenga na Musira, nimlee mtoto wake. Wewe ni baba yake mdogo. Baki hapohapo. Siku ukioa, mlete mkeo nimfundishe unavyopenda samaki."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na jina la marehemu?" akauliza Baba Mkubwa. Sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa sauti ya mtu aliyefiwa na mtoto wa mdogo wake, na hajapata pa kulilia. "Jina la Musira atalibeba nani?"

Nyangeta akainua mkono kama yuko darasani. "Mwalimu akiita Nyangeta Musira, mimi ndiye ninayeitika."

"Kila siku?"

"Jumamosi hatuendi."

Baba Mkubwa akasogeza kiti chake pembeni, na langoni pakapatikana nafasi ya mtu kupita.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, na majirani walikuwa wanafagia. Nikanawa uso, nikaenda moja kwa moja kwa shemeji Perusi kabla ya kikao, kwa sababu tangu wiki iliyopita, kati ya watu wote waliozungumza habari hii, hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mimi nikiwemo.

Nilimkuta nje anasugua sufuria kwa majivu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima.

"Umeamkaje, shemeji?"

"Salama. Vuta kigoda."

"Shemeji, kuna jambo nilipaswa kukuuliza kabla sijamwambia mtu kwamba nimesikia…"

Hakuinua kichwa. "Si umeshaniuliza?"

"Nimekuuliza?"

"Na nimekujibu. Sirudii, Majura. Nenda kikaoni ukawaambie vilevile nilivyosema, usipunguze."

Nikavuta kigoda, nikakaa. Aliisuuza sufuria, akaiegemeza ukutani, kisha akakaa chini, akaanza kujikanda magoti.

"Ulinijibu wapi, shemeji?"

Sasa akanitazama, kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Pale uwanjani nilipopanda na mtoto, na jua lote lile. Kwani wewe hukuwepo?"

"Nilikuwepo," nikasema.