Mechi Tuliyoiacha kwa Hiari

Klabu yetu ilizaliwa ndani ya bohari la mbolea. Baba yangu alikuwa kijana wakati huo, mpagazi wa zamu ya asubuhi bandarini, na yeye na wenzake walikuwa wakila chakula cha mchana harakaharaka ili wapate nafasi ya kupiga mpira katikati ya magunia. Goli lilikuwa mlango wa bati. Mpira ukiugonga, msimamizi ghorofani alijua watu wako mchezoni, akatoa kichwa dirishani kufoka. Baadaye mabaharia wa meli za kigeni wakaanza kuomba mechi, ikabidi timu iwe na jina. Wakajiita Wapagazi. Timu za mjini ziliwacheka, zikasema hao wananuka mbolea. Wao nao wakacheka, kisha wakaanza kuzifunga moja baada ya nyingine.

Baba alikuwa beki wa kati wa kikosi kile cha kwanza, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuna mtu aliyempita. Mama, ambaye alikuwapo, hupenda kubadilisha mazungumzo hapo.

Aliyejaliwa mpira hasa ni mdogo wake, baba mdogo wangu. Baba alimlea tangu wazazi wao walipofariki, akamtafutia kibarua bandarini, akamnunulia viatu vyake vya kwanza vya njumu. Mfanyabiashara mmoja wa matairi alipochukua uenyekiti na kuifanya timu iwe ya kulipwa, wachezaji wakaacha kazi zao na kuhamia kambini, na baba mdogo akawa miongoni mwa wa kwanza kusaini. Watu walimwita Winchi, kama ile mashine ya kuinulia mizigo, kwa vile mpira wa juu haukuwahi kumshinda. Haukupita muda akawa nahodha. Baba alibaki na zamu zake, na siku za mechi akawa haachani na rafiki yake wa chanda na pete, Honi.

Kazi ya Honi ilikuwa kusimama juu ya meli, sitahani, na kumwelekeza mwendesha kreni kwa ishara za mikono. Jukwaani alikuja na honi kuukuu ya meli, ile ya kupuliza kwa mdomo, na alipoipuliza hata waliobaki majumbani walijua tumefunga.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa kileleni mwa ligi. Tangu enzi za bohari hatukuwahi kuwa mabingwa, na sasa ilibaki mechi moja, tena nyumbani, dhidi ya timu iliyotufuata, na sare ingetutosha. Baba hakuwa akipata usingizi. Mama alilalamika kwamba usiku anapigwa mateke na beki mstaafu.

Alhamisi ya wiki ile ya mwisho, waya wa kreni ulikatika na mzigo wa mbao ukamwangukia Honi. Baba alikuwa gatini. Yeye na wenzake ndio walioziondoa mbao kwa mikono, lakini mwenzao alikata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Baba alirudi nyumbani akaketi kwenye kizingiti cha jiko na buti zake miguuni, na mama hakumwambia azivue.

Mazishi yalipangwa Jumamosi alasiri. Mama mzazi wa Honi alikuwa njiani kutoka mbali na asingeweza kufika mapema zaidi, na mjane hakutaka mumewe aendelee kulala kwenye chumba cha baridi. Saa hiyohiyo ndiyo mechi ilikuwa inaanza. Klabu iliomba mchezo usogezwe mbele. Ofisi ya ligi ikajibu kwamba wageni wameshafika na ratiba haiguswi, na timu isiyotokea uwanjani itanyang'anywa mechi na kushushwa daraja.

Ijumaa jioni baba mdogo alitoka kambini akaja kwetu. Baba alidhani amekuja kumpa pole. Akakaa, akainama, akasema wachezaji wamezungumza na wamekubaliana hawatacheza.

Baba alimtazama kama hajamsikia. Kisha akaanza kumsihi, kwa upole kabisa, kama unavyomsihi mtoto mgonjwa ale. Alisema Honi alilingoja kombe hili maisha yake yote, na kumuenzi marehemu ni kulichukua na kulipeleka kaburini kwake.

"Kaka, wapagazi wote watakuwa makaburini," baba mdogo akasema. "Wewe mwenyewe utakuwa kule. Mimi nicheze mbele ya viti vitupu?"

"Cheza. Sisi tutamzika, nyinyi mtachukua kombe. Kila mtu na kazi yake."

"Huyu mtu tangu nianze mpira hajakosa mechi yangu hata moja. Siwezi kukosa yake."

Baba akainuka kitini. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ukiliacha hilo kombe, usikanyage tena kwangu."

Baba mdogo akasimama, akamuaga mama kwa heshima, akaondoka. Mama alimsindikiza shemeji yake hadi nje akarudi macho mekundu.

Jumamosi mwenyekiti aliwafuata wachezaji kambini, akawabembeleza mpaka machozi yakamtoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameitia klabu ile nguvu zake zote, na alijua kinachokuja. Basi la timu lilipokata kona kuelekea makaburini, alikaa kidogo ndani ya gari lake, halafu akalifuata.

Wachezaji walivaa jezi. Walilipokea jeneza langoni mwa makaburi, wakalibeba wao kwanza, kisha wapagazi, wakawa wanapokezana hadi shimoni. Baba alikuwa mbele kulia, na kuna wakati bega lake na la mdogo wake yalikuwa chini ya ubao mmoja, lakini hakugeuka kumwangalia.

Huku nyuma, wapinzani wetu walijipanga uwanjani peke yao. Mwamuzi alingoja muda unaotakiwa, akapuliza kipenga, mchezo ukaisha bila kuchezwa. Nahodha wao alikuwa ameshaelezwa sababu. Akamwambia dereva wao awalete kwetu makaburini. Tulikuwa tunafukia tuliposikia viatu vya njumu vikikwaruza kokoto, tukageuka, tukawaona wamesimama nyuma kabisa, wengine bado wana soksi hadi magotini. Golikipa wao akaomba koleo. Jioni walikabidhiwa kombe letu, na sikumsikia mtu akiwatukana.

Mama yake Honi, bibi mdogo wa umbo aliyekuwa ameshikwa mikono huku na huku, aliuliza vijana wote hawa ni akina nani. Akaambiwa ni wachezaji mpira.

"Alikuwa akiniambia huku ana watu wake," akasema. "Nilidhani ananituliza."

Adhabu ilikuja kama ilivyoahidiwa. Tulishushwa daraja, wachezaji wazuri wakachukuliwa na timu nyingine, mwenyekiti akavumilia msimu mmoja akachoka. Baba mdogo alifungiwa kucheza, na alipofunguliwa magoti yalikuwa yameshazeeka. Akarudi kubeba mizigo. Mitaani wapo waliosimama kumpa mkono, na wapo waliotema mate akipita. Akiingia kwa kinyozi, mazungumzo yalikatika.

Baba hakusema naye. Walipita lango moja, wakapanga foleni moja ya maji ya kunywa, na baba akiwa na neno alimwambia mtu wa pembeni amfikishie. Nyumbani alimtumia mama: "Mwambie shemeji yako ile zamu imebadilishwa." Mama alikuwa akitupeleka kwa baba mdogo siku za mapumziko. Baba alijua. Tukirudi aliuliza kitu kimoja tu, kama anakula vizuri.

Timu sasa ilikuwa inacheza nyuma ya karakana za reli, kwenye kiwanja ambacho mvua ikinyesha hujui mpira uko wapi na bwawa liko wapi. Kocha hakuna. Baba mdogo akaanza kuwafundisha baada ya zamu, kwa kujitolea, na misimu ikapita hivyo, huu nafuu, ule mbovu, hadi tukafika kwenye mechi ya kurudi daraja la juu.

Mimi nilikuwa mtu mzima sasa, nikiuza tiketi za klabu kwenye kidirisha cha geti. Asubuhi ile baba alisema anakwenda kwa fundi viatu. Saa chache baadaye mkono ukaingia kidirishani, na kidole cha shahada kilichopinda nikakijua ni cha baba. Hakuinama kuonyesha uso. Nikampa tiketi, naye akaenda.

Tulishinda kwa goli baya, mpira ulimgonga mshambuliaji wetu mgongoni ukaingia. Watu walivamia uwanja. Mimi nilifunga kidirisha nikakimbilia chumba cha kubadilishia nguo, nikamkuta baba mlangoni, kofia mkononi. Baba mdogo alikuwa ndani ameketi kwenye benchi, akilia bila kujificha. Akainua uso.

"Beki wako wa kushoto anasinzia," baba akasema.

"Nimemwambia, kaka."

"Mwambie tena. Anamwachia mtu njia nzima."

"Angekuwa wewe ungefanyaje?"

Baba akaingia kumwonyesha. Akawasimamisha wachezaji wawili waliokuwa wamevaa taulo, mmoja akawa winga, mwingine beki, akawasukuma huku na huku kama makreti. Waliondoka pamoja wakibishana, na wakabishana njia nzima. Mama aliwasikia kabla hawajatokeza, akatoka nje akasimama na mwiko mkononi, asijue acheke au alie. Baba mdogo alipofika kizingitini akasita. Baba, ambaye alishaingia, akamuuliza anangoja nini, chakula kinapoa.

Kuomba radhi, hakuna aliyemwomba mwenzake. Miaka mingi baadaye, baba akiwa mzee wa kuota jua, nilimuuliza kama siku ile mdogo wake alikosea. Akafikiri.

"Lile kombe nilikuwa nalitaka," akaniambia. "Mpaka leo nalitaka." Halafu akasema yule bibi alisafiri kutoka mbali sana kuja kumzika mwanawe, na ingekuwa aibu akute watu wachache.