Hoho Mkononi, Ngoma Miguuni

Mwalimu Bilyana alikwenda kwa akina Nevena Jumamosi ile akiwa na habari mbaya, na njia nzima alitamani apate mafua arudi kulala. Ilibidi amwambie mama huyo kwamba binti yake, Zornitsa, hatacheza rachenitsa, ngoma ya Kibulgaria, kwenye sherehe ya shule. Darasa zima la kwanza lilishaishika ngoma: hatua fupi, fupi, kisha ndefu. Zornitsa peke yake alizipiga zote sawasawa kama askari wa gwaride, na kila alipofundishwa kuhesabu alizidi kupotea. Mtoto mwenyewe aliipenda ngoma ile mpaka unamhurumia.

Ua wa jengo lao ulijaa moshi. Ulikuwa msimu wa lyutenitsa, ule mchuzi mzito wa hoho na nyanya, kila familia imetoa jiko nje kuchoma hoho za akiba ya majira ya baridi, na majirani wanabishana hoho za nani ni tamu.

"Mwalimu! Kaa, shika kisu," alisema Nevena. "Hapa mgeni hatazami tu."

"Nina neno na wewe, dada."

"Litangoja. Hoho zikipoa hazimenyeki."

Bilyana akaketi. Kando yake Zornitsa alikuwa akimenya, mikono myekundu hadi viwikoni, huku akijisemea, "Shika, vuta, ambuaaa. Shika, vuta, ambuaaa."

Kisu kilimponyoka Bilyana. Fupi, fupi, ndefu! Kumbe mtoto anayo, ni mimi niliyemvuruga kwa kuhesabu, aliwaza, akaona aibu na furaha kwa pamoja. Akageuza beseni, akachukua mwiko, akaanza kupiga taratibu akiifuata mikono ile.

Zornitsa hakugeuka. Kisigino kilianza, kisha mguu mzima, mara yuko wima na hoho yake mkononi, anaruka ndani ya moshi. Halafu akaganda.

"Mwalimu, nimekosea tena?"

"Ukisimama ndiyo utakosea! Twende!"

"Jamani, tunamenya hoho au tuna harusi?" aliuliza mzee mmoja wa jirani, na ua mzima ukacheka.

Nevena akamsogelea mwalimu. "Haya, lile neno?"

"Neno gani? Sina."

"Unalo. Ulikuja kumtoa kwenye ngoma. Niliusoma uso wako tangu getini, nikakupa kisu ili uchelewe kulisema." Akamtazama binti yake anavyoruka. "Machozi nilishayaandaa. Sasa nitayapeleka wapi?"

Akayalia palepale, wala hakuusingizia moshi.