Jiwe la Bibi Kezia

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 1957, kulipambazuka kwa manyunyu, na ukungu ukaziba hata mnara wa kanisa. Hilda Garrod alikuwa ndani akipanga maboga na tufaha kwa ajili ya ibada ya mavuno ya kesho yake, huku akimwomba Mungu amjalie ulimi mpole. Ombi hilo lilidumu mpaka binamu yake Rosalind alipoingia na viatu vyake vya mjini, akiongozana na Kasisi Amory.

Kiangazi kizima Rosalind alikuwa akifukua ukoo. Bibi yao, Kezia, alizikwa bila jiwe upande wa kaskazini wa kanisa, kivulini, walikolazwa maskini. Sasa Rosalind angemwekea jiwe, na fundi alingoja tu Kasisi ayakubali maneno. Aliyasoma kwa sauti ya mahubiri: "Kezia Calthrop Garrod, wa damu ya akina Calthrop wa Jumba Kubwa."

"Damu?" Hilda akauliza. "Umeipima wewe?"

"Jina la katikati, dada. Alibatizwa Calthrop. Mtoto wa kibarua apewe jina la bwana mkubwa hivi hivi tu? Tumia akili. Yule bwana ndiye aliyemzaa."

Hilda aliweka boga chini kwa kishindo. Bibi Kezia ndiye aliyemlea. Tangu utotoni bibi huyo aliokota mawe kwenye mashamba ya hao Calthrop mpaka vidole vikapinda, na kwa vidole hivyo hivyo akaosha kila maiti wa kijiji. Hayo yote hayakutosha. Ili aheshimiwe, ilibidi awe mwanaharamu wa tajiri!

"Kwa hiyo ili wewe upate ubwana," alisema, "mama yake bibi umemfanya hawara."

"Mambo hayo zamani yalikuwepo, mpenzi wangu."

"Na ujinga ulikuwepo. Mwingine umefika leo asubuhi."

Nyuma ya miganda ya ngano kikasikika kicheko. Alikuwa Bi Olive Fenn, ajuza aliyepamba kanisa hilo tangu usichana wake.

"Rosalind, mwanangu, mimi naitwa Olive Calthrop Fenn. Njoo basi umwamkie ndugu ya bibi yako!"

Rosalind aliitazama tena karatasi yake.

"Mtoto akibatizwa jina lao, Jumba Kubwa walileta blanketi," Bi Olive akaendelea. "Mama alilipata kwa ajili yangu. Alipozaliwa mdogo wangu walishachoka, wakatoa kofia. Shuleni tulijaa akina Calthrop, sote na kamasi zetu. Kama sote tulikuwa wake, maskini yule bwana alilala saa ngapi?"

Wanawake waliokuwa wakipanga maua karibu na hapo waliangua kicheko. Kasisi alijifanya anakohoa.

Rosalind alikunja karatasi yake, uso umemwiva. "Mjini nimeshawaambia watu wote," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akamgeukia Hilda. "Cheka tu. Nyumba yako iko pale ng'ambo ya ukuta wa kanisa, na bibi yako amelala kwenye magugu miaka yote hii. Mimi angalau nilitaka jiwe."

Hilda alitazama dirisha la upande wa kaskazini. Ilikuwa kweli.

"Uongo siwezi kuuruhusu uwanjani mwa kanisa," Kasisi alisema. "Lakini fundi anaondoka leo. Hakuna maneno, hakuna jiwe."

"Basi andika, Kasisi," Hilda akasema. "Kezia Garrod. Aliokota mawe, akaosha wafu wetu."

"Aliokota mawe?" Rosalind akashtuka. "Watu watanicheka!"

"Wameshakucheka. Wewe weka jiwe lako lenye maneno hayo, na mimi nitafanya yangu." Hilda alijifuta mikono kwenye aproni na kuwageukia wote. "Mbele ya Mungu, mbele yako Kasisi, na mbele yenu nyote, naahidi kaburi lile halitaota magugu tena nikiwa hai. Na nikilegea, Rosalind aje aniite mnafiki hapa hapa, kanisa likiwa limejaa."