Upatu wa Nagasaki

Siku Mwenyekiti Kwok wa chama chetu cha wavuvi alipokuja kutuambia kwamba mashindano yetu ya mitumbwi ya joka yatakuwa ya kimataifa, nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya wavu, sina nguvu hata ya kugeuza shingo. Tulikuwa tumerudi kutoka baharini asubuhi ile, siku ya tano, na samaki tuliopata wangeenea kwenye ndoo tatu.

"Wageni wanatoka Nagasaki, Japani," akasema. "Wavuvi kama nyinyi. Dunia nzima itakuwa inaitazama ghuba yetu ya Shau Kei Wan."

"Dunia nzima ije kwanza initengenezee wavu," nikamjibu.

Akacheka, akadhani natania. Miaka ile ya sabini wavuvi wa gati letu tulikuwa tumechoka mpaka kwenye mifupa. Vijana walikuwa wanahamia ghorofani mmoja mmoja, kwenda kutengeneza maua ya plastiki viwandani, na mtumbwi unaotaka wapiga makafi ishirini na wanane tulikuwa tunaujaza kwa kubembelezana. Nusu yao walikuwa na mgongo mbovu. Waliobaki walikuwa na wake wakali.

Lakini kilichonichosha mimi, Pang Yau-kei, mpiga ngoma, hakikuwa wavu wala mgongo. Kilikuwa shemeji yangu.

Lai Shui-hing, mume wa dada yangu Mui-kiu, alikuwa ameshika usukani wa mtumbwi wetu kwa miaka ishirini na miwili. Lile kasia refu la nyuma lilikuwa heshima yake yote duniani. Hakuwa na mtoto, hakuwa na nyumba nchi kavu, jahazi lake la uvuvi lilikuwa bovu. Alikuwa na kasia. Na alikuwa kipofu. Miaka mitatu nyuma daktari alimwambia mshipa wa macho umekufa na hakuna wa kuufufua. Aliona mwanga na kiza, basi. Tuliojua tulikuwa watatu: yeye, dada na mimi. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata nilikuwa mimi. Watu wengine walisema Shui-hing ameingiwa na maringo uzeeni, anakupita gatini bila kukusalimu.

Tulifanya hivi. Pembeni mwa ngoma yangu, katikati ya mtumbwi, palitundikwa upatu mdogo wa shaba. Ngoma ilikuwa ya wapiga makafi. Upatu ulikuwa wa shemeji: pigo moja, nenda kushoto, mapigo mawili ya haraka, nenda kulia, kimya, shika hapo hapo. Wapiga makafi hutazama mbele na mshika usukani husimama nyuma yao wote, kwa hiyo hakuna aliyemwona jinsi anavyotega sikio. Mitumbwi mingine ya ghuba ile ilikuwa na ngoma tu, basi watu wakasema Yau-kei siku hizi anatia nakshi. Kwa nakshi hiyo tulishinda mara mbili. Ukitaka kujua uchovu, basi piga ngoma ya watu ishirini na wanane huku umebeba macho ya mtu wa ishirini na tisa.

Wageni walifika siku tatu kabla ya mashindano. Siku waliyoanza mazoezi nilikwenda kuwatazama, kitambaa cheupe kwenye kila kichwa, wanainuka na kuinama pamoja. Halafu nikasikia. Kwao pia kulikuwa na mtu wa ngoma, na pembeni yake mwingine ameshika upatu. Kila makafi yalipozama, ngoma. Kila yalipotoka, upatu, mara mbili haraka. Nikaenda moja kwa moja kwenye jahazi la shemeji. Alikuwa anakula wali na samaki mkavu, dada anamchambulia miiba.

"Shemeji, hao watu wana upatu."

"Nimeusikia. Una sauti ya sufuria."

"Unapigwa mara mbili mbili. Na tumepangwa nao bega kwa bega, wao kulia kwetu. Mpe Ngau kasia. Sema mgongo unakuuma, nani atakuuliza?"

"Ngau!" Akatema mwiba uliompita dada. "Ngau muuza barafu? Yule ukimpa usukani atatupeleka sokoni."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Mimi sina maradhi, bwana. Nina macho mabovu. Na wewe una mdomo mbovu, lakini mbona sikwambii uache kula?"

Dada akanitazama. Alikuwa amekonda mwaka ule kwa kumwongoza mtu asiyetaka kuonekana anaongozwa. "Mara hii tu, Kei," akasema. "Baada ya wageni kuondoka ataacha. Ameniapia mbele ya Tin Hau."

Mungu wetu wa bahari amesikia viapo vingi vya wavuvi, na ni mvumilivu. Mimi sikuwa mvumilivu, nilikuwa nimechoka tu, na mtu aliyechoka hukubali mambo ili aachwe akalale. Nikakubali.

Siku ya mashindano maji hayakuonekana kwa wingi wa mashua. Watu walikaa juu ya majahazi, juu ya mapaa, juu ya mabega ya wenzao. Zamani tulikimbia ovyo, kila mtu na njia yake, na shemeji aliijua ghuba ile kwa nyayo: hapa mkondo unavuta, hapa pana utulivu. Safari hii walikuwa wametandaza maboya, kila mtumbwi na uchochoro wake. Nje ya uchochoro wa mwisho, upande wa kulia, ziliegeshwa mashua ndogo za watazamaji. Katika moja nilimwona mama yake Ngau, bibi wa miaka sabini na kitu, na mwavuli wake. Ngau mwenyewe alikuwa na kafi safu ya tatu, anampungia mama yake mkono.

"Punga, punga," jirani yake akamwambia. "Nguvu za kupunga unazo, za kupiga kafi huna."

Bastola ikalia. Nikaanza.

Nusu ya kwanza tulikwenda vizuri ajabu. Wale wazee wangu wenye migongo mibovu walizamisha makafi kama waliolipwa, na Nagasaki walikuwa mbele yetu kwa urefu wa watu wanne tu. Niligonga upatu wangu mara moja, tukaingia kushoto kidogo. Kimya. Tukanyooka. Nikaanza hata kuona raha, Mungu anisamehe.

Kisha Nagasaki wakaongeza mwendo, na upatu wao ukapanda juu ya kila sauti. Mbili, mbili, mbili. Nikauona mdomo wa joka letu, lile la kuchongwa mbele ya mtumbwi, unageuka kulia.

Niligonga mara moja, kwa nguvu. Joka likasita. Mbili, mbili, wakajibu wale. Likaendelea kulia. Nikageuka nyuma. Shemeji alikuwa amesimama wima, uso juu, sikio moja mbele, ametulia kabisa, na mikono yake inasukuma kasia kwa utiifu. Alikuwa anamtii mtu wa Nagasaki.

Neno moja lingetosha. "Kushoto!" Sauti nilikuwa nayo, watu wote wananijua kwa sauti. Lakini mpiga ngoma hamwambii mshika usukani aende wapi. Hilo halijawahi kutokea tangu babu zetu. Mshika usukani ndiye anayeona. Ningelitamka neno lile, watu ishirini na wanane wangegeuza vichwa, na siri ingefichuka hapo hapo. Kwa hiyo niligonga upatu. Nikagonga tena. Makafi yalizama mara tano, sita, saba, nami bado nagonga shaba kama mwendawazimu. Tukapita nyuma ya mkia wa Nagasaki, tukavuka mstari wa mwisho wa maboya, na ndipo nikapiga kelele, "Kushoto! Shui-hing, kushoto!"

Kichwa cha joka kiliipiga mashua ya mama Ngau ubavuni. Ikapinduka mara moja. Niliuona mwavuli, sikumwona mwenye mwavuli.

Ngau alijirusha, na wengine wanne nyuma yake. Wageni walikuwa wamekwisha kuvuka bendera ya mwisho, wameshinda. Wakageuza mtumbwi badala ya kushangilia, na wawili kati yao wakapiga mbizi na vitambaa vyao kichwani. Mmoja wao ndiye aliyemtoa bibi, kwa kumshika kishungi cha nywele. Bibi alikuwa na rangi ya nta. Wakamlaza kifudifudi, wakamkamua maji, na baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka akakohoa, akauliza nani kamshika nywele.

Alasiri tulikaa chini ya turubai uani mwa hekalu la Tin Hau. Chakula kilikuwa kimekwisha kupikwa tangu asubuhi kwa ajili ya ushindi: nguruwe wa kuchoma, wali, pombe ya mchele. Ngau hakukaa na mtu. Shemeji alikaa mkabala na Mwenyekiti Kwok, mikono mapajani, bakuli lake halijaguswa.

"Kei," akasema Mwenyekiti. "Nini kile?"

"Nilikosea mapigo," nikasema. "Nilimchanganya. Kosa langu."

"Ulikuwa unapiga nini? Na kelele zile zilikuwa za nini?"

"Nilichanganyikiwa, Mwenyekiti. Nimechoka. Tumekaa baharini siku nyingi."

"Wote tumechoka," akasema Ngau kutoka kule alikokuwa. "Lakini sisi hatukukaribia kumuua mama wa mtu."

Mwenyekiti akaninyang'anya vijiti vya ngoma. Hakunitukana, na ingekuwa afadhali. Alisema mwaka ujao atapiga Cheung wa duka la kamba, na kwamba mimi nisikanyage tena mtumbwini. Ningepaswa kuona aibu. Nilichosikia ni wepesi mabegani, hata usingizi. Miaka mitatu! Nikafikiri: leo nimeutua mzigo, aubebe mwingine.

"Na wewe, Shui-hing," akaendelea Mwenyekiti, sauti imelainika, maana huyu alikuwa mkubwa. "Usijilaumu. Mwaka ujao utaongoza na Cheung, mtazoeana. Haya, kula." Akachukua kipande kizuri cha nyama kwa vijiti vyake vya chakula, akakinyoosha juu ya meza mpaka karibu na uso wa shemeji, kama anavyofanya kwa mtu anayemheshimu.

Shemeji hakukipokea. Hakuinua bakuli. Alikaa vilevile, anatazama mbele, na kipande kikabaki pale hewani kinadondosha mafuta mezani. Mwenyekiti akafikiri amesusa. Akakisogeza zaidi. Watu wakaanza kutazama. Niliona nyuso zinaelewa moja baada ya nyingine, na wa mwisho kuelewa kwamba wameelewa alikuwa shemeji mwenyewe, kwa ule ukimya.

"Kuna nini?" akauliza. "Kei, kuna nini mbele yangu?"

"Nyama, shemeji. Unapewa nyama."

Akashusha pumzi ndefu. "Basi," akasema. "Kei hakukosea pigo hata moja. Niliufuata upatu wa watu wengine. Mimi sioni, Mwenyekiti. Huu mwaka wa tatu."

"Wa tatu?"

"Wa tatu."

Mzee mmoja upande wa pili alicheka, cheko fupi la mtu asiyejua afanye nini. "Kwa hiyo tulishinda mara mbili tukiongozwa na kipofu," akasema, na hakuna aliyemsaidia kucheka. Ngau alisimama, akaja hadi mbele ya shemeji, ngumi imekunjwa. Nikainuka. Lakini kumpiga mtu asiyeiona ngumi yako ni kazi ngumu. Ngau akaishusha, akaenda zake nyumbani kwa mama yake.

Mwenyekiti akarudisha nyama kwenye sahani. Akasema kasia litakwenda kwa mwingine na sisi wawili hatutaingia tena mtumbwini, na akalisema hilo taratibu, kwa huzuni ya kweli, kama anayetangaza msiba. Shemeji akainamisha kichwa. Machozi yalimtoka bila sauti, na hakuyafuta, nadhani hakujua kama tunayaona.

Nilikuwa na hasira naye. Nilikuwa nimekwisha kuchukua lawama, nimekwisha kuwa huru, na yeye akaniondolea hata hilo. Hata hivyo nilikwenda nikampa bega, akalishika, mbele ya watu wote, na tukatoka pole pole kuelekea gatini. Mkono wake ulikuwa mzito. Hakunishukuru.

Tulipofika kwenye ngazi za mawe akasimama.

"Uliona tangu lini kwamba naenda kombo?"

"Mapema," nikasema.

"Kafi ngapi kabla?"

"Saba. Labda nane."

"Na sauti ulikuwa nayo."

"Ningekuaibisha, shemeji. Watu wote wangejua."

Akatikisa kichwa. Chini yetu dada alikuwa ameshaleta mashua, amesimama ndani yake anatutazama, hajui bado ni nani kati yetu aliyesema nini.

"Nilikuwa naelekea kumgonga yule bibi, Kei," akasema shemeji, "na wewe unanitunzia heshima."

Nikamshika kiwiko, nikamhesabia ngazi moja moja mpaka mkono wake ukafika kwa dada.