Maana ya Tikildak

Zuurakan alikuwa na miaka sabini na mitatu, meno tisa na vitukuu wanne, na bado kijiji kizima cha Kara-Bulun kilimwita bibi harusi. Afanyeje? Mwanamke ni bibi harusi mpaka mama mkwe wake afe, na mama mkwe wake, Bibi Kumush, alikuwa na miaka tisini na sita na hakuonyesha dalili ya kwenda popote. Alikula vizuri, alilala vizuri, na masikio yake yalichagua. Ukimwomba asogee hakusikia. Ukimsengenya chumba cha tatu alisikia mpaka nukta.

Bibi harusi ana adabu zake, na iliyo ngumu kuliko zote ni ya majina. Hataji jina la mkwe, wala neno lolote linalofanana na jina hilo. Wengine hubahatika, baba mkwe anaitwa jina la maana kubwa lisilotumika jikoni. Baba mkwe wa Zuurakan aliitwa Balta, na kwa lugha yao balta ni shoka. Sasa kaa kwenye milima ya Naryn, theluji imefika dirishani, jiko limezimika, halafu usiruhusiwe kutaja shoka.

Alipoolewa, akiwa na miaka kumi na tisa, alisimama mlangoni kwa jirani akionyesha kwa mikono mpaka jirani akadhani kichaa kimempanda. Ndipo akatunga neno lake. Shoka likipiga gogo linasema tik, tik, basi akaliita tikildak. Niazime tikildak. Tikildak imepata kutu. Neno likanoga, mabibi harusi wengine wakalichukua, na mzee mwenyewe hakujua kwamba nusu ya kijiji inamzunguka.

Sasa Jumatano moja ya mwezi wa tano likaja lori kutoka mjini likiwa na jiwe kubwa lililofunikwa turubai, na nyuma yake gari dogo lenye Daktari Oskonbay. Huyu hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa daktari wa maneno, mtu wa miaka hamsini na kitu, suti ya kijivu, viatu vya kumtia mtu huruma kwa tope lile. Jiwe lingesimamishwa Jumamosi mbele ya shule. Kwa kuwa nyumba ya Zuurakan ndiyo ilikuwa na magodoro mazuri, mgeni akapelekwa huko.

Akanyweshwa chai ya maziwa, akalishwa mkate wa kukaanga na siagi mpaka akafungua kifungo. Aliposhiba akaeleza. Miaka arobaini iliyopita mwanafunzi mmoja aliandika kwenye daftari mistari miwili ya maombolezo aliyoisikia kwa mchunga kondoo. Daktari aliikuta kabatini na haikumpa usingizi. Humo mlikuwa na neno lisilopatikana kwenye kamusi yoyote. Amelitafiti miaka sita. Ameliandikia kurasa arobaini. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya msikitini:

Tikildak imelala chini,
Sasa msitu unapumua.

Zuurakan aliyekuwa akimimina chai akaendelea kumimina mpaka ikafurika kwenye kitambaa.

Daktari hakuona. Alikuwa ameshapaa. Tikildak, alisema, ni neno la miaka elfu moja, ndugu wa maneno yaliyochongwa kwenye mawe ya wafalme wa kale. Maana yake ni moyo wa vita, ule mdundo wa kifua cha shujaa. Mtunzi alikuwa mshairi wa kiume wa zama za mbali, anamlilia khan, mfalme wake, aliyeanguka, na msitu ni taifa zima likishusha pumzi ya huzuni. Mistari hiyo miwili imechongwa kwenye jiwe, na chini yake: Mtunzi hajulikani.

Mtunzi alikuwa ameshika birika.

Aliyatunga miaka hamsini iliyopita, siku ya msiba wa baba mkwe wake, ndani ya hema la maombolezo, akiwa amekaa na wanawake uso umeelekea ukutani kama desturi inavyotaka. Hakuyaandika. Hakudhani yangetoka nje ya hema. Na sasa yako kwenye jiwe refu kuliko yeye, na sifa kapewa mwanamume ambaye hata hakuzaliwa. Zuurakan akatamani kitu ambacho hakukitamani tangu ujana. Alitaka jina lake. Maisha yake yote ameitwa mke wa fulani, mama wa fulani, bibi harusi wa fulani. Alitaka mara moja tu aitwe Zuurakan, tena kwa nyundo na patasi.

"Hayo ni yangu," akasema.

Daktari akatabasamu vile watu wa mjini wanavyowatabasamia wazee. Akasema ndiyo mama, ni yetu sote.

Zuurakan akaweka birika chini, akatoka, akarudi na shoka, akaliweka mezani katikati ya siagi na jamu. Daktari akasogeza kiti nyuma. Akaambiwa aangalie vizuri moyo wake wa vita, na kama anataka aushike.

Tuseme haki, hakuwa mjinga. Alilitazama shoka, akamtazama yule mama, akauliza polepole, je, kuna mkwe aliyekuwa na jina la chombo hiki? Adabu ya majina aliijua sana, alikuwa ameiandikia sura mbili nzima, ila hakuwahi kufikiri kwamba inaweza kumfuata mpaka mezani. Uso wake ukabadilika rangi mara tatu. Kurasa arobaini si mchezo. Kisha akatoa simu, akaiweka karibu na shoka, akabonyeza ya kurekodi.

Jina la mkwe, alisema, mwanamume yeyote hapo nje atamtajia. Shida si jina. Chuo chake kinataka maelezo kutoka kinywani mwa mtunzi mwenyewe, yote, vinginevyo jiwe linabaki lilivyo. "Kwa hiyo nieleze, mama. Kama tikildak ni baba mkwe wako, msitu ni nani? Na kwa nini unapumua akishakufa?"

Hapo ndipo Zuurakan alipobanwa, maana Bibi Kumush alikuwa amekaa palepale kwenye godoro lake karibu na jiko, ametulia, akimung'unya kibonge cha maziwa makavu.

Mzee Balta hakuwa mtu mbaya wa kupigiwa polisi. Alikuwa mgongaji. Alikuwa na fimbo, na kwa fimbo ile aligonga kila kitu tangu alfajiri: mfuniko wa sufuria kwa nini chai haijaiva, kizingiti kwa nini mlango uko wazi, kitanda kwa nini mtu bado amelala, tik, tik, tik, mpaka wanawake wa nyumba ile walikuwa wanaruka hata kuku akidonoa ndoo. Siku aliyokufa Zuurakan aliimba ukweli kwa lugha ya mafumbo, na watu wazima wakalia machozi wakidhani marehemu anasifiwa. Miaka hamsini ameishi na mjane wa mtu yule, wanakula sahani moja, na hajawahi kumwambia kwamba wimbo uliomzika mumewe ulikuwa wa kushukuru.

Akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akamung'unya.

Angeweza kunyamaza. Mtunzi hajulikani, basi, yamekwisha, Jumamosi kuna pilau. Akaitazama simu, na kile kijitaa chekundu kikamtazama yeye.

"Naitwa Zuurakan," akasema, akiinamia simu kama anayezungumza na kiziwi. "Baba mkwe wangu aliitwa Balta. Tikildak ni yeye. Msitu ni sisi, wanawake wa nyumba hii. Tulipumua kwa sababu kugonga kulikwisha. Hiyo ndiyo maana, na haina miaka elfu."

Bibi Kumush akakitoa kile kibonge mdomoni, akakiweka kwenye kisahani, akajipangusa.

"Bibi harusi."

"Naam, mama."

"Siku ile nilijifunika nikauma mtandio mpaka ukatoboka. Watu wakanishika mabega, masikini mjane, huzuni itamuua." Akakisogeza kisahani. "Kilichokuwa kinaniua ni kicheko. Na wewe umenificha miaka hamsini, kana kwamba mimi sikuwa mti."

Zuurakan akakaa chini kando yake.

"Halafu," akasema Bibi Kumush, "lile jina. Lirudie."

"Balta, mama."

Yule ajuza, ambaye naye kama mke hakuwahi kulitia kinywani tangu aolewe akiwa na miaka kumi na saba, akalitafuta mahali pake kwenye ulimi. "Balta," akasema. Akalionja. "Balta. Mbona fupi hivi? Nilivyolizunguka, nilidhani ni refu."

Daktari Oskonbay, jasho likimtoka, akauliza kama labda, pengine, neno lenyewe Zuurakan alilirithi kwa wazee, lina mizizi ya kale bila yeye kujua. Bibi Kumush akamwambia mwanangu, chukua hilo shoka, kuni ziko nyuma ya zizi, nenda ukapasue moja na usikilize mizizi.

Akaenda, suti na yote. Wanawake wakasubiri. Kwanza wakasikia anakosa gogo. Kisha anakosa tena. Kisha, hafifu, likaja: tik. Na jingine: tik. Aliporudi alikuwa na lengelenge kiganjani na hakuwa na swali. Alikaa, akaomba chai, akafungua daftari, akaanza kufuta.

Shida ikabaki jiwe. Mawe hayafutiki. Fundi wa kuchonga alikuja Ijumaa asubuhi, akakuna kichwa, akasema ule mstari wa mwisho akiuondoa jiwe litapata kovu kama kidevu cha mlevi, ila chini yake pana nafasi ya kidole na nusu. Wakashauriana sana, daktari akiwa na maneno mengi na nafasi ikiwa ndogo.

Jumamosi turubai likaondolewa, watu wakapiga makofi, na aliyejua kusoma akasoma. Juu mistari miwili. Chini yake: Mtunzi hajulikani. Na chini kabisa, kwa herufi mpya zilizobanana: Anajulikana. Ni Zuurakan.

Bibi Kumush aliletwa kwa kiti, akiwa amevaa koti lake la mahameli. Alimtaka mkaza mwana wake amsomee lote, polepole, na akataka kujua kama jina la marehemu limeandikwa mahali popote.

"Hapana, mama. Halimo."

"Vizuri," akasema Bibi Kumush. "Nirudishe nyumbani, Zuurakan. Nina njaa."