Mwanamfalme wa Stoo

Siku Bi Mwanamize alipomnyang'anya mpwa wake Rasha kitabu, mteja alikuwa amesimama mbele ya kaunta dakika tano nzima akiulizia mapazia ya sebuleni. Rasha, macho kwenye ukurasa, akamjibu, "Huyu amelogwa, si bure." Mteja akaondoka amenuna.

"Hapa tunauza mapazia, hatuuzi wachawi!" Bi Mwanamize akafoka. Akakitia kitabu kwapani na kuingia nacho stoo.

Rasha akanywea. Alikuwa amefika patamu: malkia mchawi amemgeuza mwanamfalme Zahrani kuwa sanamu ya jiwe, na binti mfinyanzi, Maluha, ndiye peke yake anayesikia moyo ukidunda ndani ya jiwe hilo. Sasa ufunguo wa stoo uko kiunoni mwa shangazi yake, na Mtaa mzima wa Narung'ombe unamjua shangazi huyo kwa ukali.

Ila kuanzia kesho yake, shangazi akawa na kazi nyingi stoo. Asubuhi anaingia kupanga majora ya vitambaa, mchana anaingia kuyapangua. Siku ya tatu akatoka macho mekundu, akasingizia vumbi. Jioni, huku wakikunja pazia, akauliza kama hataki, "Eti Rasha, mtu akigeuzwa jiwe, njaa anasikia?"

"Sijui, shangazi," Rasha akasema, na akainama chini ya kaunta kutafuta sindano ambayo haikupotea, mpaka kicheko kikamwisha.

Ijumaa akapita Scholastika, fundi cherehani wa jengo la jirani, kuchukua kitambaa. Shangazi alikuwa stoo, kama kawaida yake mpya. Rasha akamnong'oneza shoga yake neno, na Scholastika, ambaye kwa vituko hajambo, akapaza sauti, "Mwenzangu, kile kitabu chako kiliishaje?"

"Nimeambiwa mwanamfalme anazinduka, halafu anamuoa yule malkia mchawi."

Jora likaanguka stoo kwa kishindo.

"Muongo!" Bi Mwanamize akatokeza, miwani puani, kidole katikati ya kitabu. "Zahrani amuoe yule mwanamke? Na Maluha aliyelala miguuni pake na mvua inamnyeshea, yeye aende wapi?"

Scholastika akajiziba mdomo kwa kitambaa. Bi Mwanamize akakitazama kidole chake kama cha mtu mwingine.

"Nilikuwa nakagua," akasema. "Vitabu vya siku hizi vina mambo mengi."

"Umekagua mpaka wapi, shangazi?"

"Mia tatu na kumi."

"Mimi uliniachisha mia na themanini!"

"Basi tuanzie kwako," akajibu haraka mno, akavuta stuli, akaanza kusoma kwa sauti. Malkia alimsemea puani, Zahrani akamsemea kifuani, na Maluha akampa sauti ya msichana wa miaka kumi na minane. Alipofika pale jiwe linapopasuka na Zahrani anamvuta Maluha kifuani, akakohoa, akafunua kurasa mbili kwa mpigo.

"Shangazi! Mbona umeruka?"

"Hapo pana mambo ya wakubwa."

"Nina miaka ishirini na saba!"

"Na mimi nina watoto wanne," akasema Scholastika, akiburuta stuli yake karibu. "Rudi nyuma, Bi Mwanamize. Tena usome taratibu."

Bi Mwanamize akachungulia mlangoni kushoto na kulia, akashusha pazia moja la maonyesho, akarudi nyuma kurasa mbili.