Vidonge vya Consolée

Mtoto wa kwanza wa Consolée alikufa siku ya tatu, mwili ukiwaka moto. Mimba ya pili ilipofika miezi saba, Estelle, muuguzi wa kituo cha afya pale Kasongo, alimpima, akakuta mikrobe mbaya, vijidudu vinavyoweza kumwambukiza mtoto anapozaliwa, katika njia ya uzazi. Akampa vidonge vyenye mikrobe nzuri, zikashindane na ile. Hakumficha kwamba vidonge vilikuwa bado vinajaribiwa na huenda visisaidie. Akamwambia pia kwamba wanawake wengi wanayo mikrobe hiyo bila kosa lolote.

Consolée alivimeza kila asubuhi baada ya sala. Mama mkwe wake, Émérance, alivikuta chini ya mto, akauliza ni vya nini, akaambiwa ukweli. Haikufika saa sita, wanawake wote wa kisimani walikuwa wamekwisha kujua: mke wa Hervé ameoza ndani, analishwa wadudu. Hervé mwenyewe alikuwa Salamabila akichimba dhahabu. Mama yake alipompigia simu, hakuuliza hali ya mkewe. Aliuliza jina la mwanamume.

Wiki tano baadaye Estelle akapima tena. Mikrobe ilikuwa ingali pale. Ilibaki sindano ya mshipani ya kumkinga mtoto, kituoni, mara tu uchungu unapoanza.

Uchungu ulianza Jumapili mchana, watu wakirudi kanisani. Émérance akaziba mlango, mikono kiunoni, majirani wakitazama.

"Mimi nilizaa watoto saba mu hii nyumba. Mwanamuke safi anazaa hapa. Ukienda kwa ile sindano, umekubali ulitembea inje ya ndoa."

Consolée alimwomba Mungu maneno mengine, hakupewa. Maumivu yakarudi, makali zaidi.

"Basi nimekubali, mama. Nilitembea. Uniachie njia."

Émérance akasogea taratibu, akiwageukia majirani kuhakikisha wamesikia.

Mtoto alizaliwa kituoni jioni, sindano imekwisha kuingia saa nyingi. Siku ya tatu ikapita, ananyonya. Ya nne. Ya tano. Consolée akapiga magoti, akashukuru.

Siku ya tisa Hervé akafika, vumbi la njia usoni. Hakumtazama mtoto.

"Ulisema ao haukusema?"

"Nilisema ili mama anipishe. Uulize muganga wa kituo, atakueleza."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Akamtolea mzigo wake nje. Consolée akaomba jambo moja tu: ampe mtoto jina, ndipo yeye aende kwa wazazi wake huko Wamaza.

"Baba yake atamupa," akasema Hervé, akafunga mlango.